Paul Ehrlich na Madoa ya Mjukuu Wangu

Jina la Paul Ehrlich halitajwi katika baraza zetu za Mombasa wala Lamu, na mimi mwenyewe nilifika umri wa kuitwa babu bila ya kulijua. Aliyenifunza jina hilo ni mjukuu wangu, naye wakati huo alikuwa hajaanza hata kutembea.

Ilikuwa mwaka wa 2018. Binti yangu alinipigia simu usiku kutoka Tetu, kule Nyeri, huku akilia. Ameolewa huko na kijana Mwislamu wa Kikuyu, mzaliwa wa mtaa wa Majengo mjini Nyeri, ambaye jamaa zake wana shamba la majani chai upande wa juu, karibu na msitu wa Nyandarua. Mtoto wao wa kiume, aliyekuwa na miezi kumi, alikuwa ametoka madoa mwili mzima, na watu walikuwa wameanza kusema maneno. Nilipanda basi siku ya pili, na jioni yake nilikuwa nimeketi jikoni kwa wakwe zetu, nimejifunika blanketi, mtoto amelala mapajani mwangu.

Msomaji anayelijua jina la Tetu pengine analijua kwa ajili ya marehemu Dedan Kimathi, au kwa ajili ya marehemu Profesa Wangari Maathai aliyezaliwa kijiji cha Ihithe. Mimi nitaikumbuka kwa baridi. Mtoto wa huko huogeshwa kwa maji ya moto, husuguliwa kwa taulo mpaka apate joto, kisha huvishwa sweta ya sufi juu ya sweta nyingine. Na kila alipofanyiwa hivyo mjukuu wangu, yale madoa ya rangi ya kahawia mgongoni na tumboni yalivimba kama mtu aliyeguswa na upupu. Mengine yalitoa malengelenge. Mtoto alilia akijikuna, uso ukamwiva, na baada ya saa moja uvimbe ulishuka na madoa yakabaki pale pale.

MANENO YA WATU

Katika zahanati moja waliambiwa kuwa ni upele, wakapewa dawa ya kupaka na kusugua. Walisugua kwa juma zima na hali ikazidi. Mahali pengine alitokea mtu wa kazi hiyo aliyeyatazama yale malengelenge, akamtazama na binti yangu, kisha akauliza ni nani katika nyumba anayevuta sigara. Maana ya swali hilo haikumpita mtu. Siku chache baadaye nyumba ilitembelewa na watu wa kuuliza maswali, na majirani wakajua. Huku pwani nako hatukuwa na nafuu. Shangazi zake walisema ni jicho, wengine wakasema ni jini wa msituni, na kombe likaandikwa tayari kupelekwa bara.

Basi niliwakuta wakwe zetu wamegawanyika. Mama mkwe wa binti yangu, Mungu amzidishie, alisimama upande wa mkaza mwanawe bila ya kuyumba. Lakini binti yangu alikuwa amekwisha kufunga sanduku lake arudi Mombasa, na mumewe alikuwa haongei. Ndoa ya watu wawili waliopendana ilikuwa inavunjika kwa sababu ya madoa ambayo hakuna aliyejua jina lake.

Aliyetuokoa ni daktari mmoja wa ngozi ambaye tulielekezwa kwake. Hakuuliza habari za sigara. Alichukua kalamu yake, akasugua doa moja kwa upande wake butu, polepole, kisha akaweka kalamu chini akatungoja. Hazikupita dakika tano, doa lile likainuka. Kwa kuwa ngozi ya mtoto ni nyeusi, wekundu haukuonekana sana, lakini alituambia tupitishe vidole, na kweli tulihisi uvimbe kama kipande cha gundi kilichobandikwa. Ngozi ya pembeni yake, iliyosuguliwa vile vile, haikufanya lolote.

Alitueleza kwamba hiyo ni alama ya maradhi yaitwayo mastositosisi, na kwamba hakuna mkono wa mtu uliomchoma mtoto. Ili kuwa na yakini alikata kipande cha ngozi kidogo kama chembe ya mtama, kikatiwa rangi ya buluu na kutazamwa kwa hadubini. Palikuwa na seli za masti zimejaa tele, na punje zilizomo ndani yake zilikuwa zimeigeuza ile rangi ya buluu ikawa ya zambarau. Binti yangu alilia tena, lakini kilio kingine.

Mimi nikamwuliza daktari hiyo masti ni nini. Akacheka, akaniambia ni neno la Kijerumani la mambo ya wafugaji, na aliyeziita hivyo alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa miaka ishirini na kitu. Tangu siku hiyo nikaanza kumtafuta mtu huyo katika vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

MWANAFUNZI MWENYE VIDOLE VYA RANGI

Paul Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji mdogo wa Strehlen, uliokuwa nchi ya Prussia na ambao leo umo Polandi na huitwa Strzelin. Wazazi wake walikuwa Mayahudi. Baba yake, Ismar, alikuwa mtengenezaji wa vileo na mkusanyaji wa fedha za bahati nasibu, kazi mbili ambazo kwetu hazimpi mtu sifa. Lakini nyumba ilikuwa ya watu wa kusoma, na upande wa mama yake, Rosa Weigert, alikuwako binamu aitwaye Karl Weigert, daktari wa kuchunguza viungo, ambaye alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo kutumia rangi za viwandani kutazamia vipande vya mwili.

Rangi hizo zina kisa chake. Mwaka wa 1856 kijana wa Kiingereza, William Perkin, alikuwa akitafuta namna ya kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata, akapata rangi nzuri ya zambarau. Baada yake Wajerumani wakajenga viwanda vikubwa vya rangi za namna hiyo, zikaenea katika nguo za dunia nzima, na kanga za mama zetu hazikukosa fungu lao.

Ehrlich alisoma Breslau, Strasbourg, Freiburg na Leipzig. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa kwa mitihani. Alikuwa mtu wa jambo moja, naye jambo lake lilikuwa rangi. Meza yake pale Strasbourg ilijulikana kwa madoa yake, na vidole vyake vilikuwa vya buluu, vya manjano na vyekundu. Kilichomshughulisha ni swali ambalo kila mwanamke wa pwani angelielewa. Ukimpaka bibi harusi hina, kiganja na kucha hushika vizuri hata zikaiva, lakini mgongo wa mkono haushiki kama kiganja, ingawa hina ni ile ile na mpakaji ni yule yule. Kwa nini? Ehrlich alijibu kwamba rangi na kitu kinachoipokea hupatana kama kufuli na ufunguo wake. Na kama rangi inajua pa kushika na pa kuacha, basi kwa rangi mtu anaweza kuutambua mwili chembe kwa chembe.

Akaanza kujaribu. Katika nyama laini inayounganisha viungo aliona chembe ambazo hakuna aliyekuwa amezitenga kabla yake, zimejaa punje tele, na punje hizo zikishika rangi huigeuza ikawa nyingine. Alipoandika kazi yake ya kuhitimu udaktari huko Leipzig mwaka wa 1878 alizipa jina. Aliziona nene, zimeshiba, akadhani ni chembe zilizolishwa kupita kiasi. Kwa Kijerumani neno Mast maana yake ni kunenepesha mnyama. Kule Tetu wakwe zangu walikuwa na kondoo dume aliyefungwa bandani akiletewa majani ya viazi vitamu mpaka mkia umejaa mafuta, na sisi huku tunamjua mbuzi anayefungwa uani akingojea Idi kubwa. Ndiyo maana ya jina hilo. Chembe zetu za mwili zilifananishwa na kondoo wa kunenepeshwa.

Alikosea. Zile punje hazikuwa chakula. Lakini alichokiona kilikuwako, na jina limedumu hadi leo.

MISRI NA KIFUA KIKUU

Baada ya kuhitimu aliingia hospitali ya Charité huko Berlin. Tarehe 24 Machi 1882 alikuwamo ukumbini siku ile Robert Koch alipotangaza kuwa amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Ehrlich alitoka pale akaenda moja kwa moja kwenye rangi zake, na kwa muda mfupi akawa amepata njia bora zaidi ya kukitia rangi kijidudu hicho. Koch mwenyewe akakiri ubora wake, na wawili hao wakawa marafiki. Mwaka uliofuata Ehrlich alimwoa Hedwig Pinkus, wakajaliwa mabinti wawili.

Lakini mwenye kuchezea moto hupata cheche. Alipokuwa akikitafuta kijidudu hicho alikikuta katika kikohozi chake mwenyewe. Mwaka wa 1888 aliacha kazi, akasafiri na mkewe hadi Misri kutafuta hewa kavu. Alirudi Berlin afya imemrejea, akajikuta hana mahali. Akafungua chumba kidogo cha uchunguzi kwa gharama yake.

Hapo pana jambo la kuzingatia. Rafiki zake wengi walimjua kuwa ni hodari kuliko maprofesa waliokuwa wakipewa vyeo, na katika Ujerumani ya siku hizo Myahudi aliyebadili dini alifunguliwa milango mingi. Ehrlich hakubadili. Kiti cha chuo kikuu alikingoja miaka mingi, na kilipomjia hatimaye huko Frankfurt alikuwa karibu na mwisho wa umri wake. Koch ndiye aliyemchukua katika chuo chake cha maradhi ya kuambukiza.

Kazi aliyoifanya hapo iliwagusa watoto. Dondakoo lilikuwa likiwasonga watoto wa Ulaya kwa maelfu. Emil von Behring alikuwa amegundua kwamba maji ya damu ya mnyama aliyeuzoea ugonjwa huo yana kinga, lakini kinga hiyo ilikuwa dhaifu na haina kipimo. Leo hufaa, kesho haifai. Ehrlich alionyesha namna ya kuizidisha nguvu na namna ya kuipima, ili chupa ya leo iwe sawa na chupa ya kesho. Mwaka wa 1894 dawa hiyo ikaanza kuuzwa, na watoto wakapona. Behring alipata utajiri na, mwaka wa 1901, Tuzo ya Nobel ya kwanza ya udaktari. Urafiki wao uliingia ufa. Ehrlich alipata tuzo hiyo mwaka wa 1908, akigawana na Mrusi Ilya Mechnikov, kwa kueleza namna mwili unavyojikinga.

RISASI ISIYOKOSEA

Kutoka mwaka wa 1899 alihamia Frankfurt. Waliomjua huko walimwona mtu mwembamba, mwenye miwani, kasha la biri kubwa kwapani. Inasemekana alivuta biri 25 kwa siku na mara nyingi alisahau kula. Vitabu na magazeti vilijaa katika viti vya ofisi yake hata mgeni akakosa pa kuketi, na kila asubuhi wasaidizi wake walipewa vijikaratasi vya rangi vyenye amri za siku hiyo.

Fikira yake ilikuwa ile ile ya hina. Kama rangi hushika kijidudu na kuuacha mwili, basi ikitiwa sumu itakuwa kama risasi inayomtafuta adui peke yake katika umati. Tayari mwaka wa 1891, yeye na Paul Guttmann walikuwa wamewapa wagonjwa wawili wa malaria rangi ya buluu ya methilini, na homa ikawashuka.

Hapa habari zake zinaingia Afrika Mashariki. Mwaka wa 1906 Koch alikuja katika visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria upande wa Uganda, ambako malale yalikuwa yakiangamiza watu. Aliwadunga wagonjwa dawa ya aseniki iitwayo atoksili. Wengine walipata nafuu, na wengine wakapofuka macho. Msomaji asiisahau bei hiyo iliyolipwa na Waafrika wa visiwani. Ehrlich alikuwa akishughulika na dawa hiyo hiyo, akitaka kuigeuza muundo wake ili imuue mdudu bila ya kumdhuru mtu. Yeye na wasaidizi wake walitengeneza namna moja baada ya nyingine kwa mamia, wakiziandikia namba. Namba 606 ilikuwa imejaribiwa ikatupwa kando. Mwaka wa 1909 Mjapani Sahachiro Hata aliijaribu upya kwa sungura wenye kaswende, na sungura wakapona. Mwaka wa 1910 ilitoka kwa jina la Salvarsan, dawa ya kwanza ya kweli ya kaswende.

Katika miaka ya 1920 dawa za ukoo huo zilifika kwetu, zikadungwa kwa wagonjwa wa buba katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Vidonda vya miaka vilikauka katika muda wa siku, na ndipo wazee wetu, wa pwani na wa bara, walipoanza kuiamini sindano kuliko kidonge. Imani hiyo bado tunayo hata mahali isipohitajika.

Sifa zilimletea Ehrlich na taabu. Dawa ilikuwa na madhara, hasa ikidungwa vibaya, na maadui walimwandama magazetini kwa maneno makali, mengine ya kumsengenya kwa asili yake. Mwaka wa 1914 mambo yalifika mahakamani Frankfurt, naye akaitwa kutoa ushahidi. Mwisho wa mwaka huo alipatwa na kiharusi. Tarehe 20 Agosti 1915, vita vikuu vikiendelea, alifariki katika mji wa Bad Homburg, akazikwa makaburi ya Mayahudi huko Frankfurt. Utawala wa Hitler ulipoingia ulifuta jina lake, na mjane wake akakimbilia Uswisi na baadaye Marekani. Baada ya utawala huo kuanguka Wajerumani walilirudisha, hata wakaweka sura yake katika noti ya mark 200, kabla hawajaiacha mark na kuchukua yuro.

KILICHOMO NDANI YA PUNJE

Ehrlich hakujua kazi ya zile chembe alizozipa jina. Madoa kama ya mjukuu wangu yalikuwa yameandikwa na daktari wa Kiingereza, Edward Nettleship, mwaka wa 1869. Mwaka wa 1887 Mjerumani Paul Gerson Unna alitazama ngozi ya madoa hayo akakuta yamejaa chembe za Ehrlich. Mfaransa Jean Darier ndiye ambaye jina lake limepewa ile alama ya kusugua kwa kalamu. Na katika miaka ya 1950 James Riley na Geoffrey West, huko Scotland, walionyesha kuwa punje zile ni ghala ya histamini, kemikali inayovimbisha ngozi, kuwasha, kubana kifua na kushusha nguvu ya damu.

Seli za masti ni walinzi wetu. Kila mtu anazo, zimekaa mlangoni, katika ngozi, pua na utumbo, zimeshika silaha. Mwenye mzio wa samaki au wa vumbi huteseka kwa sababu walinzi hao wamefyatua silaha bila ya adui. Habari za mzio si ngeni kwa umma wetu, kwani Abu Bakr al-Razi, yule tabibu mkubwa aliyefariki miaka elfu moja na mia iliyopita, aliandika juu ya mtu aliyeshikwa na mafua kila majira ya waridi, na aliandika pia kitabu cha maradhi ya watoto. Lakini mtoto mwenye mastositosisi ana walinzi wengi kupita kiasi, wamerundikana mahali pamoja. Akisuguliwa, akipata joto la ghafla au baridi kali, akiumwa na nyuki, silaha zote hufyatuka.

Sababu yake, mara nyingi, ni kosa dogo katika jeni moja ya seli hizo, na kwa kawaida si jambo la kurithi. Ndugu yangu mmoja aliposikia neno hilo alidhani daktari amesema jini, akatutazama kama mtu aliyeshinda kesi. Ilitubidi tumweleze kwa utaratibu.

Daktari alitufariji kwamba watoto wengi huanza kabla ya kutimiza miaka miwili, kwamba kwao maradhi hukaa katika ngozi tu, na kwamba kwa walio wengi hupungua au hutoweka kufikia umri wa kubaleghe. Alipima damu kutazama triptesi, kitu kingine kinachotoka katika seli za masti. Kiwango kikiwa juu sana, au mtoto akiwa na ini lililovimba, au damu yenye kasoro, huenda seli zimeingia ndani ya mwili, na uchunguzi huongezwa. Cha mjukuu wangu kilikuwa chini, alhamdulillahi.

Dawa ya kuyaondoa madoa yenyewe hakutupa, kwa kuwa haihitajiki. Alitupa dawa ya kuzuia histamini, ya kunywa kila siku. Akasema maji ya kuoga yawe vuguvugu, mtoto apanguswe kwa kubonyezwa na si kwa kusuguliwa, na chini ya sweta ya sufi avae shati la pamba. Wako watoto wenye matatizo ya tumbo ambao hupewa kromolini, dawa ambayo asili yake ni mmea wa Misri uitwao khella. Aliyeishughulikia ni Roger Altounyan, daktari mzaliwa wa Halab, Syria, aliyekuwa na pumu na kuijaribu dawa kwa kuivuta yeye mwenyewe. Na kwa mtoto aliye katika hatari ya kuzimia huwekwa nyumbani sindano ya adrenalini, na wazazi hufunzwa kuidunga.

Tetu ni nchi ya mizinga ya nyuki. Siku ile ile babu yake wa kule alihamisha mizinga yake miwili kuipeleka mbali na nyumba, bila ya kuambiwa na mtu.

SIKU YA TOHARA

Jambo moja daktari alilirudia mara mbili. Ziko dawa za maumivu na za kulaza usingizi, kama kodeini na mofini, na kwa baadhi ya watoto asprini na wenzake, ambazo huweza kuzifyatua seli za masti. Kwa hiyo kabla ya kung'olewa jino au kukatwa popote, mwenye kumtibu lazima aambiwe. Sisi Waislamu tunaelewa maana yake, kwani kila mtoto wa kiume ana siku yake ya kukatwa.

Mjukuu wangu alitahiriwa mwaka wa 2022, akiwa na miaka mitano kasoro, na hakutahiriwa na ngariba wala katika zahanati ya jirani. Alipelekwa hospitali, karatasi ya daktari wa ngozi mkononi mwa mama yake. Yule wa kulaza usingizi aliisoma mwanzo hadi mwisho, akabadilisha dawa moja, akaweka adrenalini mezani tayari. Haikutumika. Mimi nilikuwa nje na babu yake wa Tetu, tumeketi benchi moja, mimi na tasbihi yangu, yeye na fimbo yake, hatusemezani.

Madoa sasa yamefifia, yamebaki machache mgongoni. Wale waliokuja kuuliza maswali hawakurudi, wala hakuna aliyekuja kumwomba radhi binti yangu. Yeye amesamehe, na sanduku lile siku hizi limetiwa nguo za mtoto zilizombana.

Nawaomba wazazi wanaosoma ukurasa huu mambo mawili. Ukimwona mtoto ana madoa ya kahawia yanayovimba akisuguliwa, usiyasugue wewe kujaribu, hasa kama ni doa kubwa la peke yake, kwa maana humwaga histamini nyingi kwa mara moja. Mpeleke kwa daktari wa ngozi. Na ukimwona mtoto wa jirani ana malengelenge usiyoyaelewa, uliza kwanza kabla ya kumtazama mama yake kwa jicho la kuhukumu. Mtoto anayechomwa kweli lazima aokolewe, na kwa ajili hiyo hasa yataka tujue kutofautisha.

Paul Ehrlich alikosea jina la zile chembe, na hakumjua mtoto hata mmoja wa Tetu. Lakini rangi iliyotiwa katika kipande kile cha ngozi, kidogo kama chembe ya mtama, ilikuwa mtoto wa rangi zake, nayo ndiyo iliyomtolea binti yangu ushahidi siku ambayo hakuna mtu mwingine aliyemwamini.